Kipandio cha Gari la Baba

Mama alianza kuliita lile gari mke mwenza siku ile ile lilipoingia nyumbani likivutwa kwa kamba. Lilikuwa zee. Rangi ilikuwa imebanduka mpaka bati linaonekana, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa waya. Baba alilizunguka, akainama huku, akachungulia kule, akarudi tena mbele kama mtu anayehofia kuna kitu hajakisifu.

"Mimi nina miaka yote hii humu ndani," Mama alisema kutoka mlango wa jikoni, "sijawahi kuzungukwa hivyo."

"Wewe hukuja na kutu," Baba akamjibu.

Alikuwa na sababu ya kulinunua, na wote tuliijua. Zamani, kabla sijazaliwa, Baba alikuwa dereva wa watu wa misitu, na nyumba ya kwanza waliyoishi yeye na Mama ilikuwa kambini, juu kabisa mlimani. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vyumba viwili, mbali na kila kitu. Mama alipewa kazi ya kupima mvua. Kila asubuhi alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba, akasoma kile chombo cha kupimia, akashuka. Baba hakuchoka kuwasimulia wageni. "Huyu mnayemwona hapa alikuwa anapanda kile kilima na kurudi kabla sijamaliza kikombe cha chai. Niliiona ile miguu, nikasema basi, mimi nimefika." Mama alimrushia kitambaa cha vyombo, na wageni wakacheka.

Kambi ilifungwa. Barabara ya kwenda huko ikaliwa na mvua, ikabaki mitaro na mawe ambayo gari la kawaida haliwezi kuyapita. Kila mara Mama alisema angependa kuiona tena ile nyumba kabla haijawa kifusi. Kwa hiyo Baba alipostaafu alitafuta gari la zamani la milimani ili aliinue, alivishe matairi makubwa na kumpeleka.

Kazi ilifanyika nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati ambako zamani tulianika nguo. Baba alitoa springi zilizochoka, yale mabamba ya chuma yaliyolaliana, akaongeza mabamba na kuyainua. Aliweka mipira mirefu ya breki ili isikatike gurudumu likining'inia shimoni. Matairi mapya yaliposugua bodi, alikata bodi kwa grinda, na cheche zikaruka hadi kwenye ndoo ya Mama. Sinki la jikoni likapata grisi. Vijiko vilipotea, vikaonekana baadaye vimetumika kukorogea rangi. Na kila wiki gari lilikuwa limepanda juu kidogo, kama mtoto anayerefuka likizo.

Siku za Jumamosi walikuja wasaidizi. Mmoja ni fundi wa kuchomelea tuliyemwita Cheche, mtu mpole mwenye nyusi zilizoungua. Wa pili ni Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye alisaidia zaidi kwa mdomo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nangoja kazi, na kazi yangu Jumamosi ilikuwa kupeleka chai. Mimi ni mtu wa aibu. Nikipita mbele ya watu wawili wanaocheka, naanza kukagua sketi yangu. Kwa hiyo niliweka sinia juu ya pipa na kuondoka kabla hajatokea wa kuniuliza habari za chuo.

Siku gari liliposhushwa kutoka kwenye vigogo na kusimama kwa magurudumu yake, hata mimi nilibaki kuangalia. Lilikuwa limepakwa rangi ya majani makavu, lina bampa la bomba nene, limesimama kifua mbele. Mama alitoka akifuta mikono. Baba akamfungulia mlango wa abiria kama dereva wa bwana harusi.

"Karibu, bibi."

Mama alisogea, akasimama. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kiuno chake. Aliiangalia, akauangalia mlango, akaangalia tena sakafu.

"Usihofu, dada," Mjomba akasema. "Mimi nakushika huku, shemeji kule, Cheche anasukuma kwa nyuma. Tunakupakia kama gunia la mkaa."

Wakacheka. Mama alicheka pia, tena kwa sauti kuliko wote. Halafu akasema kuna kitu kinaungua jikoni, akaingia ndani. Hakukuwa na kitu jikoni. Masufuria yote nilikuwa nimeyaosha mimi mwenyewe.

Jioni ile alisema hataenda.

"Nendeni tu. Mimi nikafanye nini huko, nikaangalie magofu?"

Baba aliweka kijiko chini. "Si wewe uliyekuwa unataka?"

"Zamani. Sasa sitaki."

"Na mimi miezi yote hii nahangaika kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mke mwenza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba aliinuka na kwenda kukaa nje kando ya gari lake, na Mama akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Baba aliamini kwamba Mama ameichoka ile habari yao ya mlimani, na labda amemchoka yeye pia. Niliiona imani hiyo mgongoni mwake, jinsi alivyokaa. Nami nilimkasirikia Mama kidogo, kimya kimya, kama ninavyofanya mambo yangu mengi.

Siku chache baadaye Baba alikwenda kutafuta bolti, na mimi nikatoka kwenda kutoa nakala za vyeti vyangu. Duka lilikuwa limefungwa, nikarudi. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikaenda jikoni kunywa maji, na kupitia dirishani nikamwona Mama.

Alikuwa amelivuta kreti la soda hadi mlangoni mwa gari. Alishika mlango, akaweka mguu wa kulia juu ya kreti, akajivuta. Mguu wa kushoto haukumfuata. Alishusha mkono, akalishika goti lake mwenyewe kupitia gauni, akaliinua kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukibeba. Alipata kusimama juu ya kreti. Akajaribu kuifikia sakafu ya gari. Kreti likaegemea upande, naye akashuka nalo, akakaa chini kwenye saruji na miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

Hakuangalia goti. Jambo la kwanza aliloangalia ni geti, kuona kama kuna mtu.

Nilirudi nyuma, nikajibanza kando ya friji. Nilijisikia kama niliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu ndani. Nilitamani kukimbia kwenda kumnyanyua, na miguu yangu ikajua, bila kuniuliza, kwamba kumnyanyua kungekuwa kubaya kuliko kumwacha. Basi nikatoka tena kwa mlango wa mbele, nikazunguka hadi getini, nikalibamiza na kukohoa.

Nilipoingia jikoni alikuwa anamenya vitunguu. Kreti lilikuwa mahali pake. Nyuma ya gauni lake palijaa vumbi, na kiwiko kilikuwa kimechubuka. Sikuweza hata kumwambia ajipanguse.

"Mbona umerudi mapema?"

"Pamefungwa."

"Mh," alisema, akaendelea kumenya.

Tangu hapo nikaanza kuona mambo ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Mama alikuwa amehamishia chupa ya mafuta ya kuchua nyuma ya kopo la unga, mahali ambapo Baba hana haja napo. Sokoni alinituma mimi, akisema napaswa kuzoea watu. Desturi ya kumtembelea rafiki yake wa ghorofani ilikuwa imekwisha bila ugomvi wowote. Na mlango wa jikoni wenye ile ngazi moja ya saruji aliupanda kwa kushika fremu kwanza.

Nilifikiria kumwambia Baba. Lakini Baba hajui kunong'ona. Amezungumza juu ya injini maisha yake yote, na hata siri huitoa kama anamwelekeza mtu kurudisha nyuma lori. Angesema, "Kumbe ni goti tu!" Mjomba angesikia, Cheche angesikia, majirani wangesikia. Na Mama alikuwa analificha goti lile kwa mtu mmoja hasa, yule anayewasimulia wageni habari za miguu yake.

Jumamosi iliyofuata nilivaa sketi ndefu ya kubana. Niliweka sinia la chai juu ya pipa na sikuondoka.

"Baba," nilisema, "na mimi naweza kwenda?"

Uso wake ulifunguka mpaka nikaona vibaya. "Si ungesema mapema! Panda, panda ujaribu kiti."

Nilisogea mlangoni. Chumbani nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno tu, sikufanya ya kuanguka. Niliinua mguu wa kushoto, nikauweka ukingoni mwa sakafu, nikajivuta kidogo, nikaachia. Nilikusudia kuteleza taratibu. Badala yake sketi ilinibana, nikaanguka kweli, goti likatua kwenye oili iliyomwagika.

Mjomba alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Chuo chote kile hawakuwafundisha kupanda gari?"

Masikio yaliniwaka. Cheche aliinama akatafuta kitu kwenye sanduku la spana, kwa heshima, na heshima yake ikanichoma kuliko kicheko cha Mjomba.

"Ni refu," nilisema. "Siwezi. Liwekewe kipandio."

"Msichana mdogo kama wewe?" Baba alinitazama kama anavyotazama bolti mpya iliyokatika kichwa. "Wewe ukishindwa, watu wazima watapandaje?"

Yeye mwenyewe hakusikia alichouliza.

"Vaa suruali," aliongeza.

"Hata nikivaa suruali."

Nilijua kwamba nilikuwa namtia aibu mbele ya wenzake. Alijifuta mikono, akamwambia Cheche anipimie, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mgeni. Cheche alichukua kipande cha bomba, akakishika chini ya mlango, usawa wa goti langu.

"Hapa, dada?"

Nililikumbuka kreti. Kreti lilikuwa chini ya hapo, na bado lilimshinda.

"Chini zaidi."

Akashusha. "Hapa?"

"Chini zaidi."

"Tuchimbe shimo," Mjomba akasema, "gari liingie humo, mheshimiwa apite juu."

Cheche alichuchumaa akanitazama kwa upole. "Dada, nikikishusha zaidi kitagonga mawe. Mzee ameliinua gari lisiguse chini, sasa wewe unataka tuliguse chini makusudi."

Alikuwa amesema kweli tupu. Niliwaona wote watatu wakinisubiri, nikasikia machozi yanakuja, machozi ya mtu mzima aliyesimama na oili kwenye sketi akibishania kipande cha bomba. Nilitaka kuondoka. Badala yake niliinama, nikaonyesha kwa mkono, chini kabisa.

"Hapa. Kama ngazi ya mlango wa jikoni. Isizidi ile."

Nilipoyasikia maneno yangu, nilijua nimesema mengi mno.

Baba alikuwa anaendelea kujifuta mikono. Akaacha. Akageuka, akauangalia mlango wa jikoni. Sijui alichokiona kwanza, ngazi au fremu. Kwenye fremu ya mlango, usawa wa bega, rangi nyeupe ilikuwa imelika na kuacha alama nyeusi, umbo la kiganja. Haikuwa grisi. Mkono mmoja, ukishika mahali pamoja, kila siku, kwa muda mrefu. Baba alipita pale asubuhi na jioni bila kuiona. Hata mimi.

Alisimama akiiangalia ile alama mpaka Mjomba akaanza, "Shemeji, vipi, umeona..."

"Nenda kaniletee lile tairi la zamani," Baba alisema. "Lile lililo nyuma ya tangi."

"La nini?"

"Nenda, shemeji."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Baba akizungumza kwa sauti ya chini. Mjomba alikwenda. Baba akachuchumaa kando ya Cheche, na bila kunitazama akamweleza anachotaka. Kipandio kimoja cha bomba kichomelewe juu, imara. Cha pili kiwe cha chini, kining'inie kwa vipande vya mpira wa tairi, ili jiwe likikigonga kipishe, kisha kirudi mahali pake. Na ndani ya mlango liwekwe shikio, refu, la kushikwa na mtu akiwa bado amesimama chini.

"Pima ile ngazi kwanza," alisema. "Usikadirie."

Cheche alikwenda na futi yake mpaka mlango wa jikoni. Alipopima aliiona ile alama, kwa sababu alirudi akiwa amevua kofia. Mjomba aliporudi akiviringisha tairi hakuna aliyemweleza. Alituangalia mmoja mmoja. Aliangalia ngazi, futi, mlango mtupu wa gari. Nadhani hapo ndipo alipolikumbuka gunia lake la mkaa, maana alikaa juu ya tairi na hakusema kitu, na Mjomba kukaa kimya ni kama redio kuzimika.

Alikata mpira kwa kisu mpaka viganja vikawa vyeusi. Nilipochukua vikombe aliniambia tu, "Kaoshe hilo goti," na hakuinua uso.

Jioni alisimama jikoni, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho, akawa anasoma maandishi kwenye kopo la chumvi.

"Huyu binti yako hawezi kupanda gari," alisema. "Ameanguka leo mbele za watu. Imebidi nimwekee kipandio."

Mama aliangalia nje kupitia dirisha. Kipandio kilining'inia chini kabisa, cheusi, kama sehemu ya gari iliyolegea.

"Ni cha binti?"

"Ni cha binti."

Mama alikoroga sufuria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi labda nije," alisema. "Nimwangalie asianguke tena huko njiani."

Baba alirudisha kopo la chumvi mahali ambapo si pake, akatoka.

Asubuhi yake tulipakia maji, kamba na koleo, Cheche na Mjomba nao wakiwa wa safari. Mama alitoka amevaa viatu vya kufunga. Baba alimfungulia mlango wa abiria. Hakusema karibu bibi. Alimwita Cheche na Mjomba waje kuona tairi la nyuma la upande wa pili, wakaenda, wakainama wote watatu juu ya tairi ambalo halikuwa na tatizo hata moja, vichwa vimekutana, migongo yote imetuelekea. Nami nikageuka, nikafungua mkoba wangu na kuanza kutafuta kitu ambacho sikukiweka.

Tulisikia mpira ukilia kidogo. Tukasikia pumzi. Kukawa kimya, kimya kirefu, na Mjomba akapiga tairi teke, labda ili pasiwe kimya. Halafu mlango ukafungwa.

"Mnaangalia nini huko?" Mama akaita kutoka juu. "Twendeni."

Barabara ya mlimani ilikuwa mbaya kuliko walivyoikumbuka. Baba alipunguza upepo wa matairi mwanzoni mwa mawe, akaenda polepole, akichagua pa kukanyaga. Kila mara kipandio cha chini kiligonga jiwe, kikakwaruza, kikarudi. Kila kilipokwaruza Baba alikunja uso.

"Kinagonga," Mama akasema.

"Kimetengenezwa kigonge."

Mama akatazama mbele. Baadaye kidogo nikaona ameweka mkono juu ya goti lake la kushoto na kuanza kulisugua, waziwazi, gari likiyumba. Baba aliliona. Aliuzunguka mtaro uliofuata kwa upole hivi kwamba Mjomba, aliyekuwa nyuma pamoja nami, hakumwaga hata tone la maji aliyokuwa anakunywa.

Nyumba ilikuwa bado imesimama. Paa lilikuwa limeingia ndani upande mmoja, lakini kuta za mawe zilikuwa nzima, na nyuma yake kile kilima kilikuwa pale pale, kifupi kuliko nilivyokiwazia kutokana na masimulizi. Baba alishuka, akakitazama, akafungua mdomo. Nilijua kinachofuata, kikombe cha chai na miguu. Akaufunga mdomo. Akapita mbele ya gari, akalala chini kuangalia springi, na wenzake wakamfuata. Habari ile ya miguu sijaisikia tena tangu siku hiyo, na sijui kama amemtunzia Mama heshima au amemnyang'anya kitu.

Mama alishuka kwa kipandio chake, tukasimama pamoja kando ya mlango.

"Jumamosi nilikuwa dirishani," alisema.

Nilijua ni dirisha lipi, na nilijua kwamba anajua ninachokijua. Uso ulinichoma, nikaangalia viatu vyangu.

"Ulianza kupanda kwa mguu wa kushoto," aliendelea, akiitazama nyumba. "Mimi wa kushoto ndio mbovu. Siku nyingine ukiniigiza, tanguliza wa kulia."

"Samahani, Mama."

"Samahani ya nini?"

Nilitaka kusema ya kuchungulia, ya kukohoa getini, ya vumbi ambalo sikumwambia ajipanguse.

Mlango wa nyumba ya mawe ulikuwa na ngazi mbili, zimemomonyoka, na hapakuwa na fremu ya kushika. Kutoka chini ya gari Mjomba alikuwa ametoa kichwa, anatutazama. Mama aliangalia ngazi. Halafu akainua mkono na kunishika bega, kwa uzito wake wote, akatanguliza mguu wa kulia. Safari hii hakugeuka kuangalia kama kuna mtu anayetuona.